Visukuku vya Kamba na Kaa wa Solnhofen: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya msomaji anayemjua kamba wa sokoni na kaa wa mikokoni, lakini hajawahi kumwona kamba aliyelala ndani ya jiwe kwa miaka milioni 150 huku sharubu zake zikiwa bado mahali pake. Nimejikita katika mawe ya Solnhofen, kwenye jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, kwa kuwa ndiyo niliyoyapasua kwa mkono wangu na ndiyo yaliyonifundisha kutazama.

Krustasia ni wanyama gani, na kwa nini ni nadra kuwakuta wazima ndani ya mawe?

Krustasia ni kaa, kamba, kambakochi, uduvi na jamaa zao wote, wakiwemo wengine wadogo mno wasioonekana vizuri bila hadubini. Wana miguu ya pingili, na mwili wao umefunikwa kwa gamba la kitini (dutu ngumu kama ile ya gamba la mende) ambalo kwa wengi wao limeimarishwa kwa chokaa. Udhaifu wao uko kwenye maungio, kwa sababu mnyama akifa utando laini unaoshikilia pingili huoza mapema, miguu ikaachana na mwili, na mawimbi pamoja na wala mizoga wakamaliza kazi iliyobaki. Ndiyo maana katika mawe mengi duniani mtafutaji hupata ncha ya gando peke yake, kwani hiyo ndiyo sehemu nene na ngumu kuliko zote. Ili kamba abaki mzima kwa mamilioni ya miaka, lazima azikwe upesi, au afie mahali pasipo na wa kumgusa.

Solnhofen ilikuwa na nini kilichowahifadhi namna hiyo?

Mwishoni mwa kipindi cha Jurasiki, eneo ambalo leo ni vilima na mashamba kati ya Solnhofen na Eichstätt lilikuwa bahari ya joto yenye visiwa vidogo, na kati ya visiwa hivyo yalikuwapo mabonde ya bahari yaliyozingirwa na miamba ya sifongo na matumbawe. Maji ya wazi hayakuingia humo kwa wingi. Jua lilipoyakausha, chumvi ilizidi, na maji mazito ya chumvi kali yakazama chini, yakatuama bila hewa ya kutosha. Huko chini hapakuwa na kaa wa kutafuna mizoga wala funza wa kuchimbua tope. Dhoruba ilipowasukuma wanyama kutoka kwenye miamba na bahari ya wazi, walikufa, wakazama, wakafunikwa na tope la chokaa lililo laini kama unga uliochekechwa mara mbili.

Tope hilo likawa jiwe lenye matabaka membamba. Wachimbaji wa huko huita tabaka gumu na safi Flinz, na tabaka laini lenye udongo Fäule, na majina hayo utayasikia siku ya kwanza ukifika machimboni. Ulaini wa chembe za jiwe hilo ndio uliomwezesha Alois Senefelder, mnamo mwaka 1796, kuanzisha uchapaji wa kutumia bamba la jiwe, na sifa iyo hiyo iliyoshika mstari wa wino ndiyo iliyoshika kila mwiba wa mguu wa kamba.

Jambo moja husahaulika. Wageni hudhani kila bamba la Solnhofen lina mnyama, kumbe mabamba mengi mno ni matupu. Wingi wa visukuku vilivyomo katika makumbusho umetokana na karne kadhaa za watu kupasua jiwe hilo kwa mkono, bamba baada ya bamba, ili kupata vigae vya sakafu na vya paa. Bila wapasuaji hao tusingejua lolote.

Ni krustasia gani wanaopatikana huko, na nitawatofautishaje?

Anza na Aeger tipularius, kamba aliyepewa jina na Schlotheim, mtaalamu wa visukuku wa Ujerumani, mwaka 1822. Utamtambua kwa mchomo mrefu mwembamba unaotoka mbele ya kichwa, sharubu ndefu kuliko mwili, na jozi ya viungo vya mdomo vilivyorefuka kama miguu, vyenye miiba iliyopangwa kwa safu mithili ya meno ya chanuo. Antrimpos naye anafanana sana na kamba tunaowanunua kwa kilo, kiasi kwamba mtu wa pwani akimwona kwa mara ya kwanza hucheka kwa furaha.

Mecochirus longimanatus hachanganywi na yeyote, maana jozi yake ya kwanza ya miguu ni mirefu kupita kiasi, imenyooshwa mbele kama mtu anayepapasa gizani. Mara nyingi amelala ubavu.

Ninayempenda kuliko wote ni Cycleryon propinquus. Gamba lake ni bapa na la mviringo kama sahani, lina meno madogo ukingoni, na miguu yake minne ya mwanzo kila upande huishia kwenye magando, kubwa likiwa la mbele. Jamaa zake hawajaisha duniani. Wamo hadi leo katika vilindi vya bahari, wakiwa na macho yaliyofifia, na wanasayansi walianza kuwafahamu vyema baada ya safari ya meli ya utafiti ya Uingereza, Challenger, kati ya mwaka 1872 na 1876. Kumshika Cycleryon ni kumshika ndugu wa ukoo uliohamia gizani.

Wapo pia mababu wa kambakochi. Palinurina ni mdogo na sharubu zake ni nene, ilhali Cancrinos ana sharubu zilizonenepa na kuwa bapa kiasi, kana kwamba anaelekea kuwa yule kambakochi wa leo mwenye sharubu zilizogeuka kuwa mabamba mapana. Hata viluwiluwi vya wanyama wa kundi hilo vimepatikana, navyo ni vyembamba kama karatasi, na miguu imetanda kama ya buibui. Kitu dhaifu namna hiyo kubaki jiweni kinanishangaza kila nikikifikiria.

Je, trilobiti ni krustasia? Na yule mnyama mwenye gamba la umbo la kwato?

Hapana kwa wote wawili. Trilobiti, wanyama wa kale wa baharini wenye gamba la pingili, ni kundi lao wenyewe, na walikuwa wamekwisha kutoweka muda mrefu kabla ya tope la Solnhofen kuanza kutuama. Mesolimulus, mwenye gamba kama kwato na mkia kama mkuki, yuko karibu zaidi na buibui na nge kuliko kaa. Hata hivyo anastahili kutajwa, kwa sababu kimoja kati ya visukuku vyake kimepatikana kikiwa mwisho wa nyayo zake mwenyewe, zenye urefu wa mita 9.7, zikionyesha jinsi alivyoanguka chini, akatembea, akalegea, akafa.

Nitajuaje kama ninachokitazama ni mzoga au ni gamba lililovuliwa?

Hili ndilo swali ninalolipenda zaidi, na ajabu ni kwamba wavuvi wetu wa kaa wana nusu ya jibu. Kila anayetega kaa mikokoni anajua kwamba kaa hujivua gamba ili akue, na kwamba gamba lililoachwa linaweza kumdanganya mtu kabisa, likiwa na miguu yote, macho na hata vifuniko vya matamvua, ila ndani ni tupu. Krustasia wa kale walifanya vivyo hivyo. Mnyama mmoja huvua mara nyingi maishani lakini hufa mara moja, kwa hiyo sehemu kubwa ya visukuku tunavyoviona inaweza kuwa nguo kuukuu zilizoachwa.

Tazama pale gamba la kifua linapokutana na mkia. Kambakochi anapojivua, gamba la kifua huinuka nyuma na mnyama hutoka kwa kupitia mwanya huo. Kwa hiyo ukiona gamba limeinuka, limesogea mbele au limegeukia upande mmoja huku miguu ikiwa imetulia, shuku kwamba ni gamba lililovuliwa. Mzoga kwa kawaida huwa umeshikana, mkia umefuatana na kifua bila pengo. Wakati mwingine, ukiumulika kwa taa ya miale ya urujuanimno, huonyesha mabaki ya misuli yaliyogeuka kuwa madini ya fosfati, yaking'aa kwa rangi tofauti na jiwe. Misuli haiachwi ndani ya gamba lililovuliwa.

Nina bamba moja la Aeger ambalo kwa miaka miwili nililiita mzoga. Siku moja jioni, taa ya meza ikiwa imeinamishwa hadi karibu kugusa jiwe, niliona kivuli chembamba kama uzi nyuma ya kifua, upana wake haufiki milimita moja. Ulikuwa ule mwanya. Nilibadilisha lebo usiku huohuo. Sikuona kwamba nimepoteza chochote, kwa sababu sasa nilijua kwamba mnyama yule aliondoka akiwa hai.

Kisukuku "kilichohifadhika vizuri" maana yake ni nini hasa?

Wauzaji hulitumia neno hili kwa kila kitu, kwa hiyo ni vyema uwe na mizani yako. Mimi naangalia kwanza kama viungo vimeshikana katika mkao wa asili, kisha kama vitu vyembamba vipo: sharubu, miiba, nywele za ukingo wa mkia, shina la jicho. Ukubwa nauweka mwisho. Kamba wa urefu wa kidole mwenye sharubu mbili kamili ana maelezo mengi kuliko kaa wa ukubwa wa sahani aliyekwanguliwa mpaka uso wa gamba ukapotea. Pia napendelea kisukuku kilichovunjika mguu kikaachwa hivyo, kuliko kilichojazwa mguu wa plasta, kwani palipovunjika panasema kweli.

Mtu wa kawaida anaweza kwenda kujitafutia?

Anaweza. Karibu na Eichstätt, mahali paitwapo Blumenberg, pana machimbo yaliyofunguliwa kwa wageni, ambapo unalipa kiingilio, unakodi nyundo na tindo, kisha unakaa juu ya rundo la mabamba na kupasua. Vaa miwani ya kukinga macho na viatu vigumu, na usiache kofia wakati wa kiangazi, kwa sababu jiwe lile jeupe hurudisha jua usoni kama mchanga wa ufukweni.

Kazi yenyewe ni ya utulivu. Unasimamisha bamba kwa ubavu, unatafuta mstari mwembamba wa tabaka, unaweka tindo pana na kugonga taratibu, ukihamisha tindo kidogokidogo ukingoni mwote. Ukigonga kwa hasira bamba huvunjika vipande. Ukisikiliza, mlio hubadilika: jiwe lililoshikana hulia kwa sauti nyembamba, na linapoanza kuachia sauti hufifia. Hapo unaingiza tindo na kulifungua kama kitabu. Kagua nyuso zote mbili, hasa uso wa chini wa bamba la juu, kwa kuwa mara nyingi mnyama hung'ang'ania huko na kuacha chapa yake kwenye bamba la chini. Usitupe ile chapa. Kuna maelezo yanayobaki upande mmoja tu, na pande hizo mbili zikitenganishwa kila moja hupungukiwa.

Mara nyingi utakachopata ni Saccocoma, mnyama mdogo aliye jamaa wa kiti cha pweza, mwenye mikono iliyojikunja. Wanaoanza humwona na kupiga kelele kwamba wamepata mtoto wa kaa. Utapata pia michoro ya kahawia au myeusi inayofanana na matawi ya mti. Hiyo ni madini ya chuma na manganizi yaliyopenya kwenye nyufa, wala hapajawahi kuwa na mmea pale.

Nisafisheje nilichokipata?

Kwa kufanya kidogo kuliko unavyotamani. Bamba langu la kwanza la Mecochirus nililipeleka bombani na kulisugua kwa brashi ya nguo, na nilipolitazama baada ya kukauka sharubu zilikuwa zimekwenda na maji pamoja na tabaka laini lililozishikilia. Tangu siku hiyo maji hayagusi kazi yangu mpaka nimehakikisha gamba ni gumu.

Tumia sindano iliyofungwa kwenye kijiti, brashi laini ya rangi na lenzi ya kukuza mara kumi. Ondoa jiwe kutoka pembeni kuelekea mnyama, chembe kwa chembe, na simama kabla hujachoka. Asidi usiiguse, hata siki ya jikoni, maana jiwe ni chokaa na sehemu kubwa ya kisukuku nayo ni chokaa, na asidi haichagui. Kipande kikibanduka, kishike kwa gundi inayoweza kuyeyushwa tena siku za baadaye. Wahifadhi wa makumbusho hutumia Paraloid B-72 iliyoyeyushwa katika asetoni. Gundi kali za kushika papo hapo hufanya kosa lolote kuwa la kudumu.

Nitatambuaje kisukuku kilichoghushiwa?

Kughushi kwa Solnhofen mara chache huwa ni mnyama mzima wa bandia. Kwa kawaida ni mnyama wa kweli aliyeongezewa: mguu wa kielelezo kingine umepachikwa, au sharubu zimechorwa kwa rangi. Niliwahi kununua kamba kwenye maonyesho ya mawe, muuzaji akiapa kwamba hajaguswa. Nyumbani nilizima taa na kuwasha ile ya urujuanimno. Mwili uliwaka kwa rangi ya manjano hafifu, lakini sharubu, ambazo mchana zilikuwa fahari ya bamba zima, zilibaki nyeusi tii kama nyuzi za masizi. Zilikuwa rangi ya brashi.

Kwa hiyo omba kumulika kabla ya kulipa, ukivaa miwani inayofaa na bila kuitazama taa moja kwa moja. Angalia kama mistari ya jiwe inaendelea bila kukatika pembeni ya kila kiungo, kwani kipande kilichopachikwa huacha mshono. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia, na mara nyingi atakuonyesha mwenyewe alipokarabati.

Kwa nini mnasisitiza sana lebo?

Kwa sababu kisukuku bila mahali kilipotoka kimenyamazishwa. Andika machimbo, tabaka kama unalijua, tarehe, aliyekipata na kila ulichokifanya katika kukisafisha. Kipe kila kielelezo namba, uiandike kwa wino wa kudumu nyuma ya jiwe lenyewe, kisha namba hiyohiyo uiandike kwenye daftari. Karatasi zisizogandishwa hupotea siku ya kuhama nyumba.

Sheria inasemaje?

Inategemea nchi, nayo si jambo la kubahatisha. Nchini Brazili, kwa amri ya mwaka 1942, visukuku ni mali ya taifa, hivyo kamba au samaki wa jiweni kutoka huko akiuzwa ughaibuni bila nyaraka anapaswa kukutia shaka. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Yeyote anayetaka kuchimba au kusafirisha visukuku kutoka nchi hizi anapaswa kwanza kwenda kwa mamlaka husika na kuomba kibali. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 nao unavitaja vitu vyenye thamani ya kipaleontolojia miongoni mwa mali zinazolindwa zisisafirishwe kwa magendo. Katika machimbo ya Ujerumani fuata masharti ya mwenye machimbo, ambayo huweza kukutaka utoe taarifa ukipata kitu cha thamani kubwa kwa sayansi.

Afrika Mashariki ina uhusiano wowote na haya yote?

Unao, na ni wa karibu kuliko watu wengi wanavyodhani. Tendaguru, mkoani Lindi, ni ya umri unaokaribiana na Solnhofen. Wakati Aeger akizama katika maji ya chumvi, wanyama wakubwa ambao mifupa yao ilifukuliwa Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913 walikuwa wakitembea pwani yetu ya kale. Kazi hiyo ilifanywa na mamia ya wafanyakazi wa huku, wakisimamiwa na mnyapara mkuu Boheti bin Amrani, na mizigo ikabebwa vichwani hadi bandari ya Lindi. Leo, katika Jumba la Makumbusho ya Elimu ya Viumbe la Berlin, mifupa ya dinosaria Giraffatitan kutoka Tendaguru na ndege wa kale Archaeopteryx kutoka mawe ya Solnhofen viko chini ya paa moja. Nilisimama hapo nikafikiri kwamba jina la Boheti lilistahili kuandikwa kwa herufi kubwa kama zile za maprofesa.

Na krustasia? Wamo Tendaguru pia, ila kwa umbo la ostrakodi, wadogo wa milimita moja hivi wanaoishi kati ya vigamba viwili kama chaza. Ostrakodi wamo pia kwa wingi katika tope la chini ya Ziwa Tanganyika, na watafiti huwatumia kusoma mabadiliko ya ziwa hilo. Ng'ambo ya mlango wa bahari, kaskazini-magharibi mwa Madagaska, madonge ya mawe ya kipindi cha Triasiki yametoa kamba aitwaye Ifasya, mzee kuliko yeyote wa Solnhofen.

Mbali na Solnhofen, ni visukuku gani vya krustasia vinavyostahili kufahamika?

Lebanoni, katika vijiji vya Hakel na Hadjoula, mawe ya kipindi cha Kretasia hutoa kamba wenye sharubu kamili pamoja na samaki wengi. Kolombia imetoa Callichimaera perplexa, aliyetangazwa mwaka 2019, kaa wa takriban miaka milioni 95 hadi 90 mwenye macho makubwa na miguu kama kafi. Mwaka 2021 alitangazwa Cretapsara athanata, kaa wa milimita tano aliyenaswa ndani ya kaharabu (utomvu wa mti uliogeuka jiwe) ya Myanmar yapata miaka milioni 100 iliyopita, akiwa na matamvua na macho yake. Sishauri mtu binafsi anunue kaharabu ya huko, kwa kuwa biashara yake imefungamana na vita.

Nikipata mnyama nisiyemwona katika kitabu chochote, nifanye nini?

Acha kumsafisha hapohapo. Mpige picha mara kadhaa, taa ikimjia kutoka pembeni kwa mwinamo wa chini, kwanza kutoka kushoto, kisha kulia, na uweke rula kando yake. Hifadhi pande zote mbili za bamba, kisha wasiliana na makumbusho ya eneo hilo, kwa mfano yale ya Jura yaliyomo katika ngome ya Willibaldsburg mjini Eichstätt. Jina jipya la kisayansi huegemea kielelezo ambacho mtafiti mwingine anaweza kwenda kukikagua, kwa hiyo kikibaki kwenye kabati lako hakitapata jina. Ukikitoa, omba chapa ya upande wa pili au nakala ya plasta ibaki kwako, na uhakikishe kwamba jina la machimbo na tarehe uliyokipata vimeandikwa kwenye kadi yake kabla hujaondoka ofisini.